Aliyepiga kura peke yake, na siku aliporudi kuomba kura



Wiki iliyopita, baada ya darsa la baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja wa kidato cha sita alitusimamisha barazani akiwa na swali. Tulikuwa tumetaja, kwa kupita tu, kwamba mwaka 2001 Baraza la Seneti la Marekani lilipopitisha sheria yake mashuhuri ya kupambana na ugaidi, alikuwapo seneta mmoja tu aliyesema hapana. Kijana hakuuliza sheria ile ilisema nini. Aliuliza: "Ustadhi, huyo mtu walimlipa nini?" Tukamjibu kwamba baada ya miaka walimwondoa, na aliporudi kuomba tena wakamkataa mara ya pili. Akatutazama kama kwamba aliyedhulumiwa ni yeye. Mara ikakimiwa Isha, na jibu letu likabaki nusu. Safu ya leo ni ile nusu iliyobaki.

Mtu mwenyewe anaitwa Russ Feingold, mwanasheria, Myahudi, aliyezaliwa mwaka 1953 katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Tumetaja dini yake makusudi, kwa kuwa wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba atakayeisemea haki ya Muislamu hana budi kutoka katika safu zetu. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, jibini na viwanda vya karatasi, yenye kaunti 72. Kama lilivyo kila jimbo la Marekani, likubwa kwa dogo, hupeleka maseneta wawili Washington, na kila mmoja hukaa miaka sita kabla ya kurudi kwa wananchi. Sisi Watanzania hatuna baraza la namna hiyo, ingawa jirani zetu wa Kenya wamelirejesha lao tangu mwaka 2013.

Feingold aliingia mwaka 1992 kwa njia ambayo wenyeji bado wanaihadithia. Hakuwa tajiri. Alichukua rangi akaandika ahadi zake kwenye mlango wa banda la gari la nyumbani kwake, mjini Middleton, mahali ambapo kila apitaye ataziona. Kubwa kati ya hizo ni kwamba fedha nyingi za kampeni yake zitatoka kwa watu wa Wisconsin wenyewe, si kwa matajiri wa majimbo ya mbali. Aliahidi pia kwamba angefika katika kila kaunti kila mwaka kuwasikiliza watu, na jambo hilo akalitimiza kwa miaka kumi na minane. Tunawaomba wasomaji waukumbuke mlango ule, maana tutaurudia.

Tarehe 25 Oktoba 2001, wiki sita baada ya mashambulizi ya New York na Washington, sheria iliyopewa jina la Patriot ilifikishwa mbele ya Seneti. Maseneta 98 waliikubali, mmoja hakupiga kura, na Feingold akaikataa. Hakuwa mtu wa kupinga kila jambo la vita, kwani mwezi mmoja kabla alikuwa ameunga mkono matumizi ya nguvu dhidi ya waliohusika na mashambulizi yale. Alichokikataa ni serikali kuruhusiwa kupekua nyumba ya mtu bila mwenyewe kujua kwa wakati, na kudai kumbukumbu zake za hospitali au orodha ya vitabu alivyoazima maktaba bila kuonesha kwamba ana kosa. Aliwakumbusha wenzake jinsi Wamarekani wenye asili ya Japani walivyofungiwa makambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na akasema wazi kwamba uzito wa sheria ile utawaangukia wahamiaji wa Kiarabu, Waislamu na watu wa Asia ya Kusini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hakukosea. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyotoka mwaka 2003, ilihesabu wageni 762 waliowekwa kizuizini kwa makosa ya uhamiaji katika uchunguzi wa mashambulizi yale, wengi wao kutoka nchi za Kiislamu, na wengine wakakaa miezi kadhaa bila kusafishwa wala kushitakiwa kwa ugaidi. Upepo ule haukuishia kwao. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na familia nyingi zinazosoma gazeti hili hazihitaji kuelezwa na sisi mjadala wake ulikuwaje misikitini.

Basi kijana wetu anadhani, na tulikuwa tukidhani hivyo sisi pia tulipokuwa chuoni, kwamba watu wa Wisconsin walimwadhibu Feingold kwa kura ile. Tarehe zinakataa. Mwaka 2004, miaka mitatu tu baada ya kura yenyewe, hofu ya ugaidi ikiwa bado mbichi, alirudi kwa wananchi nao wakamchagua kwa asilimia 55. Aliyepiga kura ya peke yake alisamehewa na wengi ambao, lau wangeulizwa, wangepiga kura na wale 98.

Kilichomwondoa kilikuja baadaye, nacho kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Mwaka 2010 uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, ambayo Feingold aliipigia kura, ilikuwa imewakasirisha wengi. Akajitokeza Ron Johnson wa mji wa Oshkosh, mwenye kiwanda cha plastiki, ambaye hakuwahi kugombea cheo chochote, akitumia zaidi ya dola milioni 8 za mfukoni mwake. Johnson akapata asilimia 52, Feingold 47. Tofauti ilikuwa kura kama 105,000. Katika hoja zile za ajira, kodi na bima, usiku ule wa Oktoba haukuwa na nafasi kubwa.

Alipotoka Seneti alikwenda kufundisha vyuoni, kisha akaletwa kwetu. Neno "kwetu" tunalitumia kwa haki. Katika Seneti alikuwa amekaa miaka yote kumi na minane kwenye kamati ndogo ya mambo ya Afrika, akawa mwenyekiti wake, na alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria kuhusu madini yanayowafadhili wapiganaji wa Kongo. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje John Kerry akamteua kuwa mjumbe maalumu wa Marekani kwa eneo la Maziwa Makuu. Ule ndio mwaka ambao vijana wetu wa JWTZ walikwenda Kivu, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia. Waasi wa M23, walioiteka Goma mwaka uliotangulia, wakashindwa mwezi Novemba. Feingold alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokesha kwenye mazungumzo ya Kampala, na Desemba hati zikatiwa saini Nairobi. Amani ile haikudumu, maana M23 walianza kupigana tena mwishoni mwa mwaka 2021. Hata hivyo, kwa mama aliyerejea nyumbani kwake Rutshuru mwaka 2013, miaka ile ilikuwa miaka.

Alipoiacha kazi ile mapema mwaka 2015, kila mtu alijua anaelekea wapi. Tarehe 14 Mei akatangaza kwamba anataka kiti chake kirudi, kwa mtu yule yule aliyemtoa. Wakati wenyewe ulionekana kumchagua. Wiki moja tu kabla, mahakama ya rufaa ya New York ilikuwa imeamua kwamba kukusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, jambo lililofanywa kwa kisingizio cha kifungu kimoja cha sheria ile ya Patriot, hakukuwa na idhini ya kisheria. Miaka kumi na minne baada ya kusimama peke yake, mahakama ilikuwa ikisema maneno ya jamaa zake.

Je, alinufaika nayo? Hapa ndipo hadithi inapotufundisha sisi tunaopenda hadithi zinyooke. Mwaka 2016 ulikuwa wa hofu pia, baada ya mashambulizi ya Paris, na Johnson wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya usalama wa ndani. Akajenga hoja kwamba mpinzani wake ni mlegevu wa mambo ya usalama, na rekodi ile ile ya kura ikageuzwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo kura moja ilibebwa sokoni na pande mbili, mmoja akiiuza kama ushujaa na mwingine kama uzembe. Mnunuzi alikuwa mkulima wa maziwa anayehesabu bei ya lita na fundi wa kiwanda anayehofia kazi kuhamishiwa nchi nyingine, na wala hakuwa na haja ya kuinunua kwa bei yoyote.

Kisha kuna ule mlango. Safari hii fedha nyingi za Feingold zilitoka nje ya Wisconsin. Wapinzani wake hawakuhitaji kubuni tusi, walichohitaji ni kumrudishia maandishi yake mwenyewe. Alikuwa na maelezo, na pengine maelezo yale yalikuwa ya kweli: tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua milango ya fedha mwaka 2010, na kuvunja sehemu ya sheria ya fedha za kampeni aliyoitunga yeye pamoja na Seneta John McCain, kugombea kwa mchango wa wakulima peke yao kungekuwa kama kwenda vitani na fimbo. Alimtaka hata Johnson wakubaliane kuyafungia nje matangazo ya makundi ya matajiri, Johnson akakataa. Lakini maelezo yanataka nafasi na utulivu, na mlango wa banda unasomwa na mtu akiwa ndani ya gari linalokwenda. Sisi hatumwiti mnafiki. Tunasema tu kwamba mtu aliyejulikana kwa kutofanana na wenzake alirudi akiwa amefanana nao, na watu wakaliona hilo.

Tumtendee haki Johnson naye, kwani si haki kumfanya mtu kivuli cha hadithi ya mwenziwe. Alikuwa seneta aliyekwishazikwa. Kura za maoni za Chuo Kikuu cha Marquette, Januari 2016, zilimpa Feingold 50 na yeye 37. Baadhi ya wafadhili wakubwa wa upande wake waliondoa fedha zao wakazipeleka penye matumaini. Alikuwa na neno moja lililomkaa vizuri mdomoni: kwamba yeye ni mtu wa kiwanda, mwenzake ni mtu wa siasa tangu ujana. Na alikuwa na kitu cha kuonesha. Pamoja na mchungaji mmoja wa kanisa la weusi mjini Milwaukee, ofisi yake ilianzisha Mradi wa Yusuf, ambao uliwafunza watu wasio na kazi kwa siku chache namna ya kuomba kazi na kudumu nayo, kisha magari madogo yakawabeba asubuhi hadi viwanda vya Sheboygan, mwendo wa karibu saa nzima. Wapo waliosema ni mapambo ya uchaguzi. Huenda. Ila aliyepandishwa gari na kupata mshahara haulizi sana gari lilipakwa rangi kwa sababu gani.

Pengo likapungua. Mapema Novemba kura za maoni za Marquette zilisema 45 kwa 44, bado Feingold mbele. Usiku wa tarehe 8 Novemba ulipokwisha, Johnson alikuwa na asilimia 50.2 na Feingold 46.8, tofauti ya kura kama 99,000. Wengi husema aliokolewa na wimbi la Donald Trump, aliyelitwaa Wisconsin usiku ule ule kwa kura zisizofika 23,000. Hesabu haikubali moja kwa moja. Johnson alipata kura kiasi cha 74,000 zaidi ya Trump, maana yake walikuwapo wapiga kura wengi waliomtaka seneta bila kumtaka rais. Na Feingold, pamoja na ujirani wake wote wa miaka kumi na minane na safari zake za kaunti 72, alipata kura pungufu kidogo kuliko Hillary Clinton, ambaye hakufika Wisconsin hata mara moja katika kampeni ya mwisho. Takwimu hii ndiyo iliyotukalisha kimya kuliko zote. Inasema kwamba kwa wapiga kura wale hakuwa tena Feingold wa mlango wa banda. Alikuwa mgombea wa chama chake, kama mgombea mwingine yeyote.

Tuseme neno letu wenyewe, kwa kuwa swali la kijana lilitugusa mahali ambapo yeye hakujua.

Cheo hiki cha ukatibu tulikipata katika uchaguzi wa kamati dhidi ya mzee aliyekishika kabla yetu, akatoka, kisha akarudi kukiomba. Mzee yule alikuwa na jambo lake la kukumbukwa. Zamani, kamati ilipotaka kumkodisha mfanyabiashara mmoja kiwanja cha wakfu kwa miaka mingi na kwa bei ya kutupa, alikataa peke yake, akaitwa mkaidi na mwenye choyo, na kwa ukaidi wake jambo likachelewa hadi ikadhihirika kwamba karatasi za yule bwana zilikuwa na kasoro. Leo madrasa ya watoto wetu imesimama juu ya kiwanja kile. Siku ya uchaguzi alisimama akasema maneno mawili tu: "Mnanijua." Sisi tulikuja na daftari la michango ya paa, tumeandika nani katoa nini na bati ngapi zimebaki. Tukashinda.

Hatukushinda kwa kuwa bora kuliko yeye, na tangu siku ile tumekuwa tukilijua hilo. Hata hivyo hatudhani jamaa walimdhulumu. Walikuwa na paa linalovuja, na waliuliza habari za paa. Kiwanja kilikuwa kimekwisha kuokolewa, na kisingepotea tena kwa sababu yeye si katibu. Tunapowasoma watu wa Wisconsin tunawaona jamaa zetu wale wale wa msikitini: si wasahaulifu kama tunavyowadhania, ila swali walilokuwa nalo siku ile lilikuwa jingine.

Kwa hiyo, mwanetu, uliuliza walimlipa nini. Sisi tunaona kwamba Feingold hakuikopesha Wisconsin kura ile ya 2001. Aliipiga, ikaisha siku ile, na faida yake ikaenda kwa watu ambao wengi wao hawakuwa hata na haki ya kupiga kura: wale 762 na wake zao, na watoto waliokuwa wakingoja simu. Kama wapo waliokuwa na deni kwake ni sisi, na sisi hatupigi kura Wisconsin. Pale ambapo labda alikosea ni kurudi mwaka 2016 akitembea taratibu, kama mtu anayekwenda kuchukua alichokiweka amana, wakati mwenziwe alikuwa anakimbia.

Kijana alipotukuta tena Ijumaa, na kipande cha makala hii tumeshamsomea, alitaka kujua kama Feingold aligombea mara ya tatu. Hakugombea. Mwaka 2020 alichukua uongozi wa jumuiya ya wanasheria wa katiba, na mwaka huo huo, mwezi Machi, kile kifungu cha kumbukumbu za watu kilifikia ukomo wake, Bunge la Marekani lisiafikiane kukiongezea muda. Na Johnson? Katika kampeni ile ya 2016, iliyojaa maneno kuhusu ahadi ya mlangoni, yeye alisema kwamba kipindi cha pili kingekuwa cha mwisho kwake. Januari 2022 akatangaza kwamba anagombea cha tatu. Alikuwa na maelezo. Alimshinda Mandela Barnes, naibu gavana kijana mwenye jina la mzee wa Afrika Kusini, kwa asilimia moja: kura pungufu ya 27,000. Mwaka ule hapakuwa na mlango wowote wa kumrudishia. Ahadi yake aliitamka tu, hakuiandika kwa rangi.